Je, wajua kwa nini ubishi wa "kusikiliza kitabu si kusoma" hauishi?

Kuna ubishi mmoja ukiuanzisha barazani pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, baada ya laasiri jua kahawa itapoa vikombeni na hakuna atakaekubali. Mtu kasikiliza riwaya nzima kwenye simu, hedfoni masikioni, tokea neno la mwanzo mpaka la mwisho, jee huyo kakisoma kitabu au hajakisoma? Upande mmoja utakwambia kakisoma tena vizuri tu, majina ya watu anayajua, nani kamdhulumu nani anajua, mwisho wake anaujua, sasa unataka nini tena? Upande wa pili unacheka, huyo kahadithiwa bwana, kama vitoto vya nasari, kusoma ni jicho na karatasi, na mwenye kubisha zaidi mara nyingi ndo yule ambae kitabu cha mwisho kukifungua kilikuwa cha mtihani wa form two, lakini hayo tuyaache.

Mie nipo upande wa waliosikiliza, ila si kwa kila kitabu, na sababu zake nitazieleza.

Tuanze na kichwa cha mtu, mana ndiko kitabu kinakoingia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa matokeo ya jaribio walilofanya na watu tisa, waliwalaza ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo, wakawasikilizisha hadithi za redio, halafu wakawapa hadithi zilezile wazisome, maneno yakiwapitia mojamoja kwenye kioo. Walitaka kujua maneno ya aina fulani yanaamsha sehemu gani ya ubongo, yaani maneno ya jamaa na watu yako wapi, ya namba yako wapi, ya pahala yako wapi. Wakakuta ramani ni karibu ileile kwa aliesikia na aliesoma. Mwanzoni tu ndo kuna tofauti, sauti inapokelewa kwengine na maandishi kwengine, mbele ya hapo wanakutana. Nyumba za Mji Mkongwe nyingi zina mlango wa barabarani na mlango wa uchochoroni, uingie huu au ule ukumbi utakaokaa ni mmoja.

Na kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu kuandika ni jambo la juzi tu. Maandishi yana kama miaka 5000 hivi, na kusema watu walisema zama na zama kabla ya hapo, ndo mana mtoto anajifunza kusema akiwa mgongoni mwa mama yake bila ya mwalimu lakini kusoma lazima apelekwe skuli. Jicho lilipokuja na herufi zake likakuta mashine ya kufahamu lugha iko tayari, ikabidi iazimwe ileile. Wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliliweka jambo hili wazi mwaka 1986, walisema kusoma kwa kufahamu kunahitaji vitu viwili, kuzijua herufi zinavyogeuka maneno, na kuifahamu lugha yenyewe, na kimoja kikiwa sifuri basi chote sifuri. Sasa mtu mzima aliekwishazoea, herufi kwake zinajisoma zenyewe, hazimpi kazi. Kilichobaki ni kufahamu lugha, na hapo masikio na macho hawana cha kugombania.

Kwa hio upande wa kwanza wameshinda? Ngoja kwanza.

Mwaka 2016 Beth Rogowsky na wenzake huko Marekani waliwachukua watu wazima 91, wengine wakasoma sehemu ya kitabu kwenye kioo, wengine wakaisikiliza, na wengine wakafanya yote mawili kwa pamoja. Kitabu kilikuwa kisa cha kweli cha Vita Vikuu vya Pili. Wakawauliza maswali palepale na wakawauliza tena baada ya wiki mbili. Hakukuwa na tofauti ya maana. Watu wakaushika utafiti huu wakautembeza kila pahala, nimeona hata waliousoma kichwa cha habari tu wanautaja (na kichwa cha habari wamekisoma kwa macho, sijui tuwahesabu wapi). Lakini kabla ya hapo, mwaka 2010, David Daniel na William Woody walikuwa washafanya kitu chao, wanafunzi wa chuo kikuu, somo la saikolojia, nusu wasome makala na nusu wasikilize rikodi yake, halafu mtihani mdogo. Waliosoma wakapata wastani wa asilimia 81. Waliosikiliza 59. Hapo si mchezo, mmoja kafaulu vizuri na mwengine anaitwa na mzee wake skuli.

Sasa hawa wawili mbona wanapingana? Hawapingani. Tazama walichopewa watu. Wale wa 2016 walipewa kisa, kina mwanzo, kina mtu, kina mashaka yanayomfika, na kisa kinakuvuta chenyewe hata ukipotea kidogo unadakia mbele. Wale wa 2010 walipewa somo, lina hoja inayokaa juu ya hoja, ukiikosa ya chini ya juu huipati.

Na hapa ndo inabidi tumtazame mtu anaesoma kwa karibu. Siku moja kaa mbele ya mtu anaesoma umuangalie macho yake khasa. Utadhani yanateremka na mstari taratibu, kumbe wapi, yanaruka. Yanasimama kwenye neno kama robo ya sekunde, yanaruka maneno mawili mbele, yanasimama, yanaruka, halafu ghafla yanarudi nyuma. Kwa watu wazima asilimia 10 mpaka 15 ya miruko hio ni ya kurudi nyuma, na mwenyewe ukimuuliza atakwambia kasoma moja kwa moja. Mwaka 2014 Elizabeth Schotter, Randy Tran na Keith Rayner wakataka kujua kurudi huko kuna faida gani, wakatengeneza kioo ambacho neno likishapitwa na jicho linafichwa, ukirudi nyuma hukuti kitu. Watu wakasoma hivyohivyo, na kufahamu kwao kukashuka. Yaani jicho linarudi kuokota kilichodondoka na wewe hata huna habari.

Sikio halina hilo. Sawa, simu ina kile kidude cha kurudi nyuma sekunde 15, lakini nani atakibonyeza? Upo kwenye daladala ya Fuoni umebanwa, mkono mmoja umeshika chuma, mwengine umeshika mkoba wa ndizi wa bibi alokaa mbele yako, konda anakudai nauli, msomaji kwenye hedfoni kashaingia sura ya nne na wewe bado unamuwaza yule alokufa sura ya tatu kafa vipi. Unaacha iende. Kwa kisa cha mapenzi haidhuru, mtasameheana mbele. Kwa hadithi ya upelelezi umeumia. Chukua zile za Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla, ambazo cha mwanzo kilitoka 1960, utamu wake wote ni kwamba yule bwana na kiko chake anakuja mwisho kukwambia jambo ulilolipita kwenye kurasa za mwanzo, na mkono wako wenyewe unaanza kufunua kurudi kuangalia kama kweli lilikuwepo. Kwa masikio utamuamini tu.

Halafu kuna la akili kupotea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, mwaka 2013 waliwapa watu vipande vya kusoma kwa njia tatu, kimya, kwa sauti yao wenyewe, na kusomewa, na kila baada ya muda wanawakatisha wanawauliza, akili yako saa hizi iko wapi? Waliosomewa ndo walopotea zaidi kuliko wote. Waliosoma kwa sauti yao walitulia zaidi kuliko wote. Mwalimu wa chuo cha Kurani kwetu anaetaka watoto wote wasome kwa kupaza, na bakora ipo pembeni, hakusubiri Canada.

Lakini sasa niwageukie hawa wanaosema kusikiliza si kusoma, mana wao wana tatizo kubwa zaidi na hawalioni. Mtu wa Zanzibar anasema hivyo kwa uso gani? Mwezi wa Ramadhani misikiti imejaa darsa, sheikh kitabu anacho yeye, anasoma mstari kwa Kiarabu, anaufasiri, anausherehesha, na watu mia wamekaa mikekani, mkononi hawana hata karatasi, na mwezi ukisha mtu anakwambia kifua mbele, kitabu fulani nimekisoma kwa sheikh fulani, na hakuna hata mmoja wa kumwambia wewe umehadithiwa. Maulidi ya Barzanji wangapi wanayajua na msomaji ni mmoja? Na yule asieona, aliehifadhi msahafu wote kwa masikio, juzuu zote 30, nendeni mukamwambie hajasoma, mie nitakuwa nyuma yenu mbali kidogo.

Na jambo hili lina utaratibu wake wa zamani, si la kubuni. Huko Sham, mji wa Damascus khasa, kati ya karne ya 12 na ya 14, kitabu kikisomwa mbele ya mwalimu walikuwa wanaandika kwenye kitabu chenyewe majina ya watu waliohudhuria kukisikiliza, na tarehe, na pahala. Samaa wanaita. Aliesikia anahesabika, jina lake limo. Lakini wale watu hawakuwa wajinga, mana kwenye hizo orodha utakuta pia fulani alikosa sehemu, fulani kachelewa, fulani alikuwa anasinzia. Wallahi nikiona jambo hili nacheka peke yangu. Miaka mia saba na zaidi iliopita washalimaliza suala ambalo sie tunaligombania, kwamba kusikiliza ni halali kabisa, suala ni ulikuwa macho au umelala.

Kuna na vitabu ambavyo jicho ndo linapunjika. Utenzi uliandikwa uimbwe, una mahadhi yake, ukiusoma kimya kitandani umeukosa nusu. Na mazungumzo ya lahaja hivyohivyo, mtu wa Makunduchi akiandikwa kwenye karatasi anakuwa kama mtu mwengine yoyote alokosea herufi, mpe msomaji wa kwao umsikie. Ila ole wako msomaji awe si wa kwao akajitia kuigiza Kipemba, hapo bora urudi kwenye karatasi.

Kama mambo yenyewe ndo hayo, kwa nini watu bado wanawaka? Mie naona ni jasho tu. Aliekaa na kitabu cha kurasa 300 usiku kwa usiku, umeme umekatika kawasha tochi ya simu, hafurahi kuambiwa kwamba yule alokuwa anakaanga samaki huku anasikiliza wamefika pamoja. Huu si ubishi mpya hata kidogo. Vitabu vya sauti vilianza kweli miaka ya 1930 huko Marekani na Uingereza, kwenye sahani za santuri, kwa ajili ya vipofu, na Uingereza wakiwemo askari waliopoteza macho Vita Vikuu vya Kwanza. Na hata wakati ule watu walijadiliana kama huko ni kusoma kweli. Na ukitaka kuhesabu jasho, basi anaesikiliza ndo kakaa muda mrefu zaidi, mana msomaji wa rikodi anakwenda kama maneno 150 kwa dakika, na mtu mzima anaesoma kimya Kiingereza, kwa hesabu alizozikusanya Marc Brysbaert mwaka 2019, anafika maneno 238 mpaka 260. Kiswahili maneno yetu marefu hesabu itakuwa nyengine lakini mwendo ndo huo. Wanaoweka spidi mara mbili nao wasitukanwe, kuna majaribio ya mwaka 2021 pale UCLA, Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles, wanafunzi waliangalia mihadhara ya video kwa spidi hio na hawakupoteza kitu kikubwa, ila mshairi ukimuweka spidi mara mbili utamsikia kama muuza samaki wa Darajani.

Pahala pamoja tu mie siridhiki na hedfoni, na hapo sina mchezo, ni kwa mtoto ambae bado hajakaa sawa na herufi. Rudi kwa Gough na Tunmer, vitu viwili, na sikio linampa kimoja tu. Msomee usiku, msikilizishe hadithi mpaka achoke, maneno yatamjaa na ni faida kubwa, lakini "ng'ombe" na "ngombe", "dh" na "th", hayo hayaingii kwa masikio, lazima kidole kipite juu ya karatasi. Nimeona wazazi wananunua simu ya hadithi wakasema mtoto anasoma siku hizi. Hasomi huyo, anasikiliza, na kwa umri wake tofauti ipo.