Alama 140 za gaokao si cheti cha kuongea Kiingereza

Nimeisikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mhadhiri ninayemheshimu: kwamba vijana wa Kichina hupata alama 140 kati ya 150 katika Kiingereza cha gaokao, mtihani wa taifa wa China wa kuingia chuo kikuu, kisha wakifika kazini hawawezi kujieleza kwa sentensi tatu mfululizo, na kwa hiyo mtihani wenyewe ni wa kukariri tu na hauna thamani. Kauli hii husemwa na watu wa kila aina, kuanzia wasimamizi wa miradi ya ujenzi wanaofanya kazi na wakalimani vijana kutoka China hadi Watanzania na Wakenya waliosoma Wuhan au Guangzhou wakaketi darasa moja na Wachina. Wanachokiona wanakiona kweli, na sibishani na macho yao. Ninachokipinga ni hitimisho, kwa sababu limejengwa juu ya imani kwamba alama ya gaokao inatangaza kiwango cha umahiri wa mtu katika lugha. Mimi kazi yangu ni kuchambua mitihani ya lugha, na nimechoka kuona kipimo kikihukumiwa kwa kazi ambayo hakikupewa.

Tuanze na karatasi yenyewe. Karatasi ya kitaifa ya muundo mpya, ambayo ndiyo inayofanywa sasa na sehemu kubwa ya watahiniwa, ina alama 30 za kusikiliza, 50 za kusoma na kufahamu, 30 za matumizi ya lugha, ambazo nusu yake ni kujaza mapengo kwa kuchagua jibu na nusu ni kuandika umbo sahihi la neno, halafu 40 za kuandika. Jumlisha utapata 150. Kuongea hakumo. Si kwamba kumepewa alama chache, hakumo kabisa. Upo usaili wa kuongea kwa wale wanaoomba kusomea lugha za kigeni chuoni, lakini matokeo yake hayaingizwi katika jumla. Ukikutana na kijana mwenye 140 anayeshindwa kuongea, mtihani haujakudanganya, maana haukukwambia lolote kuhusu kuongea kwake. Kuulaumu ni kama kuilaumu mizani ya muuza nyama kwa kutokuonyesha urefu wa ng'ombe.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna sababu ya kulishangaa jambo hili. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, ina sehemu ya stadi za kuongea ambayo mtahiniwa huijibu kwa kalamu: anaandika jinsi ambavyo angeghani shairi, au anajaza mazungumzo ambayo hakuna anayeyasikia. Katika mtihani wa kidato cha nne wa Tanzania, Kiingereza hufanywa kwa maandishi. Hata hivyo, mwenye A ya Kiingereza akibabaika kwenye usaili wa kazi, hatusemi kwamba alikariri. Tunasema hajazoea kuongea, na hapo tunakuwa tumesema kweli.

Isitoshe, hata hilo la kutokuwepo kwa kuongea si la China nzima. Mkoa wa Guangdong ulianza mwaka 2011 kuwapima watahiniwa wote kusikiliza na kuongea kwa kompyuta, kwa alama 15, ambazo tangu 2021 zimekuwa 20. Mtahiniwa huvaa vipokea sauti, husoma kwa sauti akifuata kasi ya video, huuliza maswali matatu na kujibu matano, kisha husimulia upya hadithi aliyoisikia. Shanghai imetenga alama 10 kwa kuongea tangu 2017. Beijing imekwenda mbali zaidi: kuanzia mtihani wa 2021, kusikiliza na kuongea kwa kompyuta kuna alama 50 kati ya 150, na mwanafunzi hupewa nafasi mbili kwa mwaka, ikihesabiwa ile iliyo bora. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza kijana wa 140 ni alifanyia mtihani wapi na mwaka gani. Katika mabishano yote niliyoyasikia, sijawahi kumsikia mtu akiliuliza.

Sasa nije kwenye kiini, ambacho ni ile namba yenyewe. Mwaka 2024 walijiandikisha watahiniwa milioni 13.42. Vyuo hugawa nafasi kwa mikoa, na kinachomwingiza kijana chuoni ni mahali alipo kwenye orodha ya mkoa wake, akilinganishwa na wenzake wa mwaka uleule. Gaokao ni chombo cha kupanga foleni. Mtunzi wa mtihani wa aina hiyo hajiulizi kwanza kama mwanafunzi huyu anaweza kusoma gazeti au kufuata mhadhara. Anajiuliza kama swali hili litamtenganisha aliye mbele kidogo na aliye nyuma kidogo. Swali ambalo karibu kila mtu analipata huenda ni swali zuri la lugha, lakini kwa kupanga foleni halina faida, na swali ambalo karibu kila mtu analikosa halina faida vilevile. Ugumu wa karatasi huchaguliwa kwa ajili ya kuwatawanya watu. Karatasi ikiwa ngumu kuliko ya mwaka uliopita, alama 120 za mwaka huu zinaweza kuwa za mwanafunzi bora kuliko mwenye 128 za mwaka jana, na hakuna mahali popote kwenye hati ya matokeo panapoonyesha hivyo.

Mitihani ya kimataifa ya Kiingereza kama TOEFL na IELTS husawazisha alama. Maswali hujaribiwa kabla, ugumu wake hujulikana, kisha hesabu hufanywa ili alama ya Machi na ya Oktoba ziwe na maana moja. Gaokao haiwezi kufanya hivyo, na sababu si uzembe. Maswali yake ni siri ya taifa mpaka siku ya mtihani. Ukiyajaribu kwa wanafunzi kabla, umeyavujisha. Ukiyarudia mwaka unaofuata, kila tuisheni ya nchi itakuwa imeshayafundisha. Usiri unaolinda haki ya mtahiniwa mmoja dhidi ya mwenzake ndio huohuo unaozuia kulinganisha mwaka na mwaka. Kwa hiyo yale majedwali yanayozunguka mtandaoni, ambayo yanakwambia kwamba alama fulani ya gaokao ni sawa na IELTS fulani, naomba yaachwe, na nawaomba hasa maofisa wa udahili wanaonitumia wakitaka niyathibitishe.

Anayedhani kusawazisha alama ni jambo la wanatakwimu peke yao aukumbuke mkoa wa Zhejiang. Huko Kiingereza hufanywa mara mbili kwa mwaka na mwanafunzi huchukua alama iliyo bora. Novemba 2018 karatasi ilionekana kuwa ngumu kuliko iliyotangulia, na mamlaka za mkoa zikaamua kurekebisha alama za kusoma na za kuandika kwa kuongeza uzito, ili waliofanya karatasi hiyo wasidhulumike wakilinganishwa na wengine. Ukiniuliza mimi, tatizo walilotaka kulitatua lilikuwa la kweli. Lakini kanuni hazikuwa zimetangazwa kabla, na wazazi walipoona namba zisizoelezeka walikuja juu. Serikali ya mkoa ilichunguza, na mapema Desemba marekebisho yalifutwa, alama za awali zikarudishwa. Hapo kila upande ulikuwa na hoja. Huwezi kuwapa watu karatasi mbili tofauti, ukachukua alama ya juu, halafu ukadai kwamba alama moja ya hii ni alama moja ya ile. Na huwezi kuzisawazisha baada ya mchezo kwisha, kwa kanuni ambayo wachezaji hawakuijua. Katika masomo mengine ya kuchagua, kama kemia au jiografia, alama hubadilishwa kwa utaratibu uliotangazwa. Kichina, hisabati na lugha ya kigeni hubaki na alama ghafi.

Kuhusu viwango, China inavyo. Mwaka 2018 ilichapisha viwango vyake vya umahiri wa Kiingereza vyenye madaraja tisa, na daraja la nne ndilo linalokaribiana na mwisho wa sekondari ya juu. TOEFL na IELTS zimeshaoanishwa na madaraja hayo. Gaokao, ambayo ndiyo inayofanywa na mamilioni, bado humpa mwanafunzi alama na si daraja.

Turudi kwenye kukariri, maana hapa ndipo watu wanaponikera zaidi. Sehemu yenye alama nyingi kwa swali moja katika karatasi ya sasa ni ya kuendeleza hadithi, alama 25. Mtahiniwa hupewa hadithi ya takriban maneno 350 iliyokatwa katikati, pamoja na sentensi za kwanza za aya mbili zinazofuata, naye anaiendeleza kwa maneno yapatayo 150. Sehemu hii ilianzia Zhejiang mwaka 2016, na msingi wake ni hoja ya Profesa Wang Chuming wa Guangzhou kwamba mtu hujifunza lugha vizuri anapolazimika kuendeleza maneno ya aliyeijua zaidi, kwa kuwa analinganisha lugha yake na ile anayoifuata. Tuseme hadithi inamhusu binti aliyepoteza saa ya babu yake siku ya mashindano ya mbio, na aya ya pili inaanza kwa kusema kwamba babu aliifungua ile bahasha. Mtahiniwa lazima ahakikishe kwamba kufikia mwisho wa aya ya kwanza kuna bahasha, kuna sababu ya babu kuwa nayo, na kuna mtu aliyeiandika. Hakuna insha ya kukariri inayoweza kulibeba hilo. Anayesoma vibaya nusu ya kwanza ataanguka katika nusu ya pili, hata kama sarufi yake ni safi kabisa.

Hata hivyo sitaficha kinachonitia shaka. Vitu vinavyoweza kukaririwa vimepata njia ya kuingia humo pia. Vipo vitabu vya mazoezi vyenye orodha za vifungu vya kupachika: moyo ulidunda kama ngoma, machozi yalimtiririka mashavuni, miale ya jua ikapenya mawinguni. Ukisoma insha nyingi mfululizo utaona jua likitua kwa namna ileile katika hadithi zisizohusiana. Msahihishaji, ambaye anaisoma kwenye skrini ikiwa imeskaniwa huku mwenzake akiisahihisha peke yake mahali pengine, ana muda mfupi, na kifungu kilichopambwa humvutia. Mwandiko nao humvutia, ndiyo maana ule mwandiko unaoitwa wa Hengshui, wa herufi za mviringo zilizojipanga kana kwamba zimepigwa chapa, umeenea mashuleni na una madaftari yake ya mazoezi. Muda wa mazoezi unaotumika kuzungusha herufi ni muda ambao haukutumika kusoma hata ukurasa mmoja.

Shaka yangu nyingine ni kubwa zaidi. Watunzi wa mtihani huu tangu zamani walikusudia kubadilisha ufundishaji. Kiingereza kilianza kuhesabiwa kwa alama zake zote katika gaokao mwaka 1983, na mwaka 1985 Guangdong ikajaribu karatasi ya kisasa iliyosimamiwa na wanaisimu Gui Shichun na Li Xiaoju, kwa matumaini kwamba walimu wataacha kufundisha sarufi tupu na kufundisha lugha inayotumika. Mabadiliko yalikuwepo, na Li Xiaoju aliyaandika. Lakini mtafiti Qi Luxia alipochunguza baadaye jinsi swali la kuandika linavyofundishwa, alikuta swali limetungwa kwa ajili ya mawasiliano, likiwa na msomaji na kusudi, huku darasani msomaji na kusudi vikipuuzwa na walimu na wanafunzi wakihangaikia kinachodhaniwa kumpendeza msahihishaji. Kazi yangu yote inategemea dhana kwamba mtihani mzuri huvuta ufundishaji mzuri, na utafiti ule unanilazimisha kuisema dhana hiyo kwa sauti ya chini zaidi kuliko vitabu vya fani yetu vinavyoisema.

Ndiyo maana siungi mkono haraka wale wanaosema dawa ni kuweka kuongea katika mikoa yote kesho asubuhi. Kuongea kwa kompyuta kunahitaji vyumba, mashine na vipokea sauti, na watahiniwa wote chumbani huongea kwa wakati mmoja, kwa hiyo sauti ya jirani huingia katika kinasa sauti chako. Shule ya mjini itafanya mazoezi kila wiki, na ya kijijini mkoani Gansu huenda ikaiona mashine hiyo karibu na siku ya mtihani. Tena kusimulia upya hadithi kwa mashine isiyokujibu ni kuongea kwa aina moja tu, na sina hakika kwamba anayeweza kuongea hivyo ndiye atakayeweza kubishana na fundi kwenye eneo la ujenzi. Wala siungi mkono upande wa pili, wa kupunguza uzito wa Kiingereza. Oktoba 2013 Beijing ilipendekeza kushusha alama kutoka 150 hadi 100 ifikapo 2016. Haikutekelezwa, na Beijing hiyohiyo ndiyo leo yenye alama 50 za kusikiliza na kuongea.

Kwa mwajiri au ofisa wa udahili anayeshikilia hati ya gaokao, njia inayomfaa ni hii: aangalie mkoa, mwaka, na nafasi ya mtahiniwa katika mkoa wake, na achukulie kwamba mwenye alama za juu anasoma Kiingereza vizuri na anaandika vya kutosha. Akihitaji kujua kama anaongea, amkalishe chini azungumze naye.