Shule ya maadilisho na shule ya kazi hazikuwa kitu kimoja

Kila yanapozungumzwa malezi ya watoto watukutu, hakosi mtu wa kusema kwamba Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria (1837–1901) waliwafungia watoto wezi katika "shule za kazi". Hapo shule mbili zimechanganywa, na wanaoonewa ni watoto ambao hawakuiba chochote.

Shule ya maadilisho, kwa sheria ya mwaka 1854, ilimpokea mwenye umri wa chini ya miaka 16 aliyekwisha kutiwa hatiani. Alikaa huko miaka miwili hadi mitano.

Shule ya kazi ilikuwa kinga ya kumzuia mtoto asiingie katika uhalifu. William Watson, hakimu wa Aberdeen, Scotland, alichoka kuletewa watoto ombaomba mahakamani, na mwaka 1841 akafungua shule ya wavulana. Mtoto alifika asubuhi, akala milo mitatu, akasoma, akafanya kazi za mikono kama kusuka nyavu, jioni akarudi kwao. Kilichowavuta ni chakula. Watson alikuwa ameona kwamba wengi wao walianza kuiba kwa sababu ya njaa. Sheria ya mwaka 1861 iliruhusu mahakama kupeleka shule za namna hiyo mtoto wa chini ya miaka 14 aliyekutwa akiomba, asiye na makao, au anayefuatana na wezi. Ni kweli kwamba hata mkosaji wa chini ya miaka 12 aliweza kupelekwa huko, lakini hilo halimfanyi kila aliyekuwamo kuwa mkosaji.

Mary Carpenter wa Bristol, Uingereza, mwanamke aliyepigania malezi ya watoto maskini na wakosaji, alisisitiza tofauti hii tangu mwaka 1851: kuna watoto walio hatarini, na kuna waliokwisha kuzama. Kwake jela yenyewe ilikuwa chanzo cha uhalifu, kwani mtoto aliyefungwa alitoka akiwa amefunzwa na wakubwa. Ndiyo maana aliipinga sana sehemu moja ya sheria ya 1854: kabla ya kwenda shule ya maadilisho, mtoto alilazimika kukaa jela siku 14 kwanza! Sharti la kuanzia jela halikufutwa kabisa hadi mwaka 1899.

Anayetaka maelezo mamoja kwa shule zote mbili anaweza kusema "shule zilizopokea watoto kwa amri ya mahakama". Ila hata hayo hayaihusu shule ya Watson ya 1841, kwa sababu wavulana wale waliiendea kwa hiari yao.