Kutaja makosa ya barabarani: fomu ya leseni ya teksi Uingereza inauliza nini hasa

Dereva wa Uber, Bolt au minicab (teksi ya kuagizwa mapema) nchini Uingereza ana leseni mbili. Ya kwanza ni ya udereva, kama aliyo nayo kila mwenye gari, na inatoka DVLA, idara ya serikali ya leseni za udereva, huko Swansea. Ya pili ndiyo beji, yaani ruhusa ya kubeba abiria waliomwagiza kwa simu au kwa programu. Beji inatolewa na halmashauri ya mji, au na TfL, mamlaka ya usafiri ya jiji, kama dereva yuko London, na kwa kawaida ni ya miaka 3. Ikikaribia kwisha, dereva anajaza fomu ya kuihuisha, na humo kuna sehemu inayomtaka aandike makosa yake ya barabarani. Huko ndiko kutaja makosa.

Madereva wengi huona swali hilo ni la kusumbuana tu. Halmashauri si inaweza kuangalia rekodi yenyewe? Inaweza, na inaangalia. Lakini sheria ya 1976 inayosimamia teksi za England na Wales nje ya London inaikataza halmashauri kumpa mtu beji kabla haijaridhika kwamba anafaa kuaminiwa na abiria. Hapo inatazama mambo mawili: uendeshaji wake na ukweli wake. Rekodi ya DVLA inajibu la kwanza. La pili linajibiwa kwa kuiweka rekodi hiyo kando ya fomu na kuona kama vinasema jambo moja.

Tuseme dereva amenaswa na kamera akienda maili 36 kwa saa mahali pa 30. Kozi ya mwendokasi, ile ya darasani inayotolewa badala ya adhabu, alishahudhuria mwaka uliotangulia, kwa hiyo safari hii hapewi tena: analipa faini ya £100 na leseni yake inaandikwa pointi 3, yaani alama za kosa. Hilo peke yake halimnyang'anyi mtu beji. Viwango vya taifa vilivyotolewa na wizara ya uchukuzi Julai 2020 vinakubali kwamba mtu anaweza kukosea bila kukusudia, na kwamba kosa dogo la mara moja si lazima limwondoe kazini. Makosa yakirundikana, hapo ndipo anaitwa kujieleza. Kushika simu akiendesha ni habari nyingine kabisa: viwango hivyo vinataka ipite miaka 5 kabla ya kupewa beji. Ulevi ni miaka 7.

Sasa dereva huyohuyo wa maili 36 anaandika "sina". Amelihamisha jambo zima. Chini ya kifungu cha 57 cha sheria ile ya 1976, kutoa taarifa ya uongo kwenye maombi, au kuacha jambo la maana kwa makusudi au kwa kutojali, ni kosa la jinai. Na kwa makosa yenye udanganyifu, viwango vya 2020 vinaweka miaka 7, sawa na ulevi na zaidi ya simu. Pointi 3 ambazo afisa angezisoma na kuzipita zinageuka kuwa swali la kama mtu huyu anaweza kuachiwa abiria peke yake usiku. Nionavyo mimi, beji nyingi za aina hii hupotea kwa hesabu mbaya tu: mtu anaficha kitu kidogo kwa watu wanaokiona kwenye skrini yao.

Si wote wanaodanganya, lakini. Wengine hawajui kipi kinahesabika. Faini ya papo kwa papo pamoja na pointi haikupitia mahakamani, kwa hiyo mtu anajiambia hakuhukumiwa. Halmashauri nyingi huihesabu kama hukumu. Tiketi ya maegesho ya halmashauri ni deni la madai, wala haiingii kwenye leseni. Kozi ya mwendokasi haileti pointi wala hukumu, ila baadhi ya fomu huiuliza waziwazi, na ikiulizwa hujibiwa.

Makosa ya zamani ndiyo huwachanganya watu zaidi. Pointi za mwendokasi zinahesabiwa kwa miaka 3 kufikia zile 12 zinazomfungia mtu kuendesha, na zinakaa kwenye rekodi miaka 4. Za ulevi zinakaa 11. Zikifutika, dereva anaamini mambo yamekwisha. Kwa kazi nyingi angekuwa sahihi, maana Uingereza ina sheria ya 1974 inayomruhusu mtu kutotaja hukumu iliyopitwa na muda. Lakini tangu 2002 madereva wa teksi wamo katika orodha ya kazi zisizopata kinga hiyo ya kawaida. Fomu ikiuliza "umewahi", kwamba DVLA wameshafuta si sababu ya kutosha ya kunyamaza. Kwa aliyewahi kuishi nje kuna nyongeza: ukaguzi wa jinai wa Uingereza hauoni yaliyotokea Nairobi au Dar es Salaam, kwa hiyo anaweza kutakiwa alete cheti cha polisi cha mwenendo mwema kutoka huko.

Kuna pia wasiojua kwamba wana kosa. Gari likipigwa picha, barua ya kwanza inamfuata aliyeandikishwa kuwa na gari, na inatakiwa kutumwa ndani ya siku 14. Dereva akiwa amekodi gari, inakwenda kwa kampuni kwanza. Akiwa amehama nyumba bila kubadili anwani, inaangukia mlangoni pa mpangaji mwingine. Asipojibu ndani ya siku 28 kusema nani alikuwa kwenye usukani, hilo nalo ni kosa, lenye pointi 6, mara mbili ya mwendokasi wenyewe. Mtu anaweza kuhukumiwa bila kuwapo, akalala usingizi mzuri, kisha akaandika "sina" kwa moyo safi.

Dawa yake ni ya dakika chache: kabla ya kushika kalamu, fungua rekodi yako kwenye tovuti ya serikali kwa namba ya leseni, namba ya bima ya taifa na msimbo wa posta, uone kilichoandikwa. Ukikuta hukumu ambayo hukuijua, unaweza kuapa mbele ya mahakama kwamba hukupata taarifa, kwa kawaida ndani ya siku 21 tangu ulipojua, na kesi ikaanza upya.

Na usingoje miaka 3 iishe. Viwango vya 2020 vinataka dereva aiarifu halmashauri ndani ya saa 48 akikamatwa na kuachiwa, akishtakiwa au akihukumiwa kwa kosa lolote la barabarani. Vinasema pia kwamba aliyenyamaza kuhusu kukamatwa anaweza kutiliwa shaka ya uaminifu hata kama tuhuma yenyewe itaishia hewani. Peleka kwa barua pepe na utunze nakala, kwa sababu maneno uliyomwambia mtu wa kaunta hayana ushahidi.

Akinyimwa beji, dereva ana siku 21 za kukata rufaa kwa mahakimu. Huko wengi huenda wakieleza watoto, kodi ya nyumba na mkopo wa gari. Mahakama Kuu ilishaamua mwaka 2002, katika kesi ya halmashauri ya Leeds, kwamba hali ya familia ya dereva haiingii kwenye mizani hii. Kinachopimwa ni usalama wa abiria. Afadhali aende na maelezo ya kwa nini fomu na rekodi havikufanana, na karatasi za kuyathibitisha.