Winchester hakubuni bunduki ya wenzo

Wengi wakiona bunduki kuukuu ya Kimarekani yenye wenzo (mkono wa kuvutwa ili kuleta risasi inayofuata) chini ya kifyatulio, husema ni kazi ya Oliver Winchester. Sivyo. Huyo alikuwa mfanyabiashara wa mashati aliyetia fedha zake kwenye silaha. Fundi hasa ni Benjamin Tyler Henry, aliyepata hataza mwaka 1860, naye aliboresha wazo lililoanza kwa mbunifu Walter Hunt likapitia mikononi mwa watengeneza bunduki Smith na Wesson.

Kuitambua bunduki ya Henry ya asili, tazama chini ya mtutu: hakuna ubao wa kushikia, kwa hiyo ikipigwa mfululizo, mkono uliungua. Risasi 15 au 16 ziliingizwa kwa mbele, kwenye bomba. Kitundu cha kujazia ubavuni, upande wa kulia, kilikuja na bunduki ya Winchester ya 1866.