Mtoto mwenye kifafa: kinachopotea chuoni, kinachobaki mikononi

Mtoto amehifadhi aya jioni bila kukosea. Asubuhi, chuoni (madrasa), mbele ya maalim, hazimo. Ikiwa ana kifafa, asichapwe wala asiitwe mvivu. Muulizeni kwanza kalalaje: ameamka kitanda kimeloa, ulimi umeumwa, mwili mzima unauma? Huenda kifafa kimemjia usingizini na hakuna aliyejua.

Ndani ya ubongo, usawa wa kila sikio, kuna sehemu iitwayo hipokampasi. Ndiyo inayosajili mambo mapya: maneno, majina, yaliyotokea jana. Baadhi ya aina za kifafa huanzia huko huko, na kila kifafa kinapopita usajili huvurugika. Kipo pia kifafa cha kuduwaa: mtoto hukodoa macho sekunde chache, mara nyingi kwa siku, kisha huendelea kama kawaida. Alichosema mwalimu katika sekunde hizo hakikusahaulika, hakikuingia kabisa.

Ujuzi wa mikono hupita njia nyingine, hasa ubongo mdogo ulioko kisogoni na viini vilivyo katikati ya ubongo. Hilo lilidhihirika kwa Henry Molaison wa Marekani, aliyepasuliwa mwaka 1953 ili kutibiwa kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Siku baada ya siku makosa yalipungua, ingawa kila siku alidai hajawahi kuifanya kazi ile.

Basi anayeshindwa kuhifadhi anaweza kusuka ukili (mkanda wa chane za majani wa kushonea mikeka) vizuri sana, akifundishwa kwa mkono na si kwa maelezo marefu. Kaa ubavuni mwake, si mbele, ili mkono wake ufuate wako bila kugeuza upande. Anza na chane chache. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, kisha apumzike. Rudieni kesho, mahali pale pale, kwa mpangilio ule ule. Usiongeze hatua mpya mpaka ya kwanza aifanye bila kuambiwa. Akiwa ametoka kuanguka siku hiyo, mwacheni alale.

Usingizi ndio unaoukomaza ujuzi huu. Kifafa cha usiku, au kukesha, huweza kuufanya mkono uamke kama haukujifunza. Dawa nazo zitazamwe: fenitoini ikizidi mtoto hupepesuka, valproeti huweza kutetemesha vidole, fenobabitali huleta usingizi na uzito wa kufikiri. Mkiona hayo mrudisheni kwa daktari, lakini dawa msiikate wenyewe. Fenobabitali ikiachwa ghafla huweza kuleta kifafa kisichokoma, na kifafa kikipita dakika 5 ni cha kukimbizwa hospitali. Kabla ya Ramadhani pia muulizeni daktari kama mtoto anaweza kufunga, na kama dozi zinaweza kuhamia futari na daku.

Kazi nazo si sawa. Kusuka na kushona kofia vinafaa akikaa chini, mbali na jiko. Kukwea mkarafuu hakumfai hata kama mikono yake ni myepesi, na kwenye kilimo cha mwani baharini asiende peke yake, kwani maji ya magotini yanatosha kumzamisha aliyeanguka kifudifudi.