HSA na FSA si mapacha: dhana potofu kuhusu akaunti za matibabu Marekani

Novemba ikikaribia, waajiri wengi wa Marekani hufungua dirisha la kuchagua bima, na Waswahili walioko huko huanza kupigiana simu: "Nitie tiki HSA au FSA?" HSA (Health Savings Account) ni akaunti ya akiba ya matibabu; FSA (Flexible Spending Account) ni akaunti ya matumizi ya matibabu inayotolewa na mwajiri. Majibu mengi yanayozunguka ni ya kusikia.

"Ni kitu kimoja, majina mawili."
Zote hupokea pesa zinazokatwa kwenye mshahara kabla ya kodi, na zote hulipia daktari, meno, miwani na dawa. Zinapoachana ni kwenye umiliki. HSA ni mali yako: ukiacha kazi unaondoka nayo, salio halifi mwaka ukiisha, na unaweza kuliwekeza. FSA imefungwa kwenye mpango wa mwajiri, na kilichobaki mwishoni mwa mwaka kwa kawaida hupotea. Mwajiri anaweza kukuruhusu uvushe kidogo (kwa mwaka 2026, hadi dola 680) au akuongezee miezi miwili na nusu ya kutumia. Hawezi kukupa vyote viwili, na halazimiki kukupa hata kimoja.

"Basi FSA ni ya kupoteza pesa."
Hapana. Ukichagua kukatwa dola 3,400, kiwango cha juu cha 2026, zote ziko tayari tangu siku ya kwanza ya mpango, hata kama umekatwa mshahara mmoja tu. Kwa anayejua kwamba Februari anafanyiwa upasuaji, huo ni mkopo usio na riba. HSA hukupa kilichokwishaingia tu.

"Yeyote anaweza kuchangia HSA."
Lazima uwe na bima ya aina maalumu. Kwa bima nyingi za kazini maana yake ni kwamba, ukiacha huduma za kinga kama chanjo, unajilipia mwenyewe angalau dola 1,700 kwa mtu mmoja au 3,400 kwa familia (viwango vya 2026) kabla bima haijaanza kulipa. Mtego unaowanasa wanandoa ni huu: mke akiwa na FSA ya kawaida kazini kwake, mume hawezi kuchangia HSA, kwa sababu FSA hiyo inaweza kumlipia na yeye. FSA ya meno na macho pekee haina shida.

"Nitamtibu mama nyumbani kwa HSA."
Hili ndilo linalouma. Mama anayeishi Mwanza, asiye raia wala mkazi wa Marekani, hahesabiwi kuwa mtegemezi wako kikodi, hata kama ugali wake wote unatoka mfukoni mwako. Ukimtumia pesa hizo utazilipia kodi ya mapato, na kama hujafika miaka 65 kuna adhabu ya asilimia 20 juu yake. Lakini wewe mwenyewe ukiugua ukiwa likizo Dar es Salaam, bili ya hospitali inakubalika, mradi utunze risiti. Dawa za kubeba kwenye begi ukirudi ndizo kwa kawaida hazikubaliki.

"Risiti ya zamani haina kazi."
Kwa FSA, kweli. Kwa HSA hakuna tarehe ya mwisho, ilimradi gharama ilitokea baada ya akaunti kufunguliwa na hujalipwa kwingine. Wapo wanaojilipia mfukoni, wanaacha salio likue, kisha wanajirudishia miaka kumi baadaye.

"HSA haina kodi popote."
California na New Jersey haziitambui. Ya serikali kuu unasamehewa, ya jimbo unalipa.