Kura ya wengi haihalalishi sala ya mahafali

Kila msimu wa mahafali ukikaribia, wazazi huniletea hoja ileile: "Wakili, wanafunzi wamepiga kura, wengi wanataka sala. Shule ya umma inawazuiaje?" Inanichosha, kwa sababu Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaijibu mwaka 2000.

Wilaya ya shule ya Santa Fe, Texas, ilikuwa na utaratibu huohuo kwenye mechi za futiboli ya Kimarekani. Wanafunzi walipiga kura mara mbili: kwanza kama kuwe na maombi kabla ya mechi, kisha nani ayaongoze. Majaji 6 kwa 3 wakaukataa. Uwanja ni wa shule, kipaza sauti ni cha shule, shughuli ni ya shule, na sera imepitishwa na bodi ya shule. Anayesikiliza pale jukwaani anaisikia shule ikiomba. Na kura hiyo inamwachia nini mtoto wa dini yenye watu wachache? Atashindwa kila mwaka. Haki yake chini ya Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa dini, haipigiwi kura.

Wengine hukimbilia kusema mahafali ni hiari, asiyetaka asije. Hilo nalo lilikwama mbele ya mahakama hiyohiyo mwaka 1992. Mkuu wa shule moja ya Providence, Rhode Island, alimwalika rabi, kiongozi wa dini ya Kiyahudi, aombe kwenye mahafali, akamkabidhi kijitabu cha mwongozo wa maombi. Familia iliyoshtaki ilikuwa ya Kiyahudi, dini ya rabi mwenyewe, na ikashinda 5 kwa 4. Huwezi kumwambia kijana achague kati ya dhamiri yake na siku ya kuhitimu kwake.

"Basi sala imepigwa marufuku shuleni." Hapana! Kilichokatazwa mwaka 1962 ni sala iliyotungwa na mamlaka ya elimu ya New York ili isomwe madarasani. Mwanao anaweza kuomba kabla ya mtihani, kushukuru kabla ya kula, kuvaa hijabu au msalaba, na kuzungumza dini na wenzake, mradi asivuruge masomo.

"Kesi ya kocha ya 2022 imebadilisha yote." Msome kwanza. Kocha wa Bremerton, Washington, alishinda kwa sala yake binafsi, ya kimya, uwanjani baada ya mechi. Hukumu hiyo haikutoa ruhusa kwa walimu kuwaombesha wachezaji.

Hotuba ya mwanafunzi bora ndiyo ngumu kweli. Miongozo ya Wizara ya Elimu ya Marekani inasema akichaguliwa kwa vigezo visivyopendelea, na maneno yakawa yake kweli, hotuba hiyo si ya shule hata akimtaja Mungu. Lakini mahakama za chini zimewahi kuruhusu shule kufuta mahubiri kwenye hotuba za namna hiyo. Kwa hiyo usingoje asubuhi ya mahafali: mwandikieni mkuu wa shule mapema, mkiuliza nani anapitia hotuba na kwa kigezo gani, na mtake jibu la maandishi.

Mkitaka ibada, iandaeni wazazi wenyewe, jioni ya kuamkia mahafali, kanisani, msikitini au ukumbini, bila shule kuidhamini. Huko ombeni mpaka usiku, hakuna sheria itakayowagusa.

Na shule binafsi? Katiba haiifungi, inaifunga serikali. Huko soma mkataba uliosaini.